Kuchagua Antivairasi ya Kompyuta ya Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Kigoma

Mtu anayeingia dukani hapa Kigoma na kuuliza antivairasi ipi ni bora, mara nyingi hutajiwa ile iliyopo kwenye rafu siku hiyo. Jibu hilo halimfikishi mbali, kwa sababu ubora wa antivairasi hutegemea mambo ambayo muuzaji hakuyauliza: kompyuta ina umri gani, inaunganishwa na intaneti mara ngapi, inatumiwa na nani, na virusi huingilia wapi. Kompyuta ya mwalimu anayebeba mitihani kwenye flashi na kwenda kuichapisha steshenari ya Mwanga ina hatari zake, na ya mfanyabiashara wa mawese wa Ujiji anayepokea oda kwa barua pepe na WhatsApp ina zake.

Mwongozo huu unahusu kompyuta zinazotumia Windows, kwa kuwa ndizo zilizojaa majumbani mwetu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa nyumba nyingi, antivairasi inayokuja ndani ya Windows yenyewe inatosha, ikiwa kweli inafanya kazi na inasasishwa, na fedha ambazo zingelipia leseni zina kazi ya maana zaidi katika kununua diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Zipo hata hivyo nyumba ambazo haizitoshi, nazo nitazitaja kwa sifa zake ili kila msomaji ajue yuko upande gani.

Hatua ya kwanza: Ijue kompyuta yako

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika neno winver, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kitakachofunguka kitakuonyesha toleo la Windows ulilonalo, na toleo hilo lina uzito kuliko jina la antivairasi yoyote utakayoichagua.

Microsoft iliacha kuhudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya tarehe hizo hayazibwi tena, nayo antivairasi haizibi tundu lililo ndani ya mfumo. Hujaribu tu kumkamata anayepita humo. Tofauti hiyo ilionekana vizuri Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu na taasisi katika nchi nyingi na kudai malipo. Kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake miezi miwili kabla, yaani Machi 2017, na kompyuta zilizokuwa zimesasishwa hazikuingiliwa kwa njia hiyo.

Kwa mwenye Windows 10, Microsoft iliweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa kompyuta za watu binafsi zilizosajiliwa, na imeahidi kuendelea kutuma taarifa za virusi kwa antivairasi yake ndani ya Windows 10 hadi Oktoba 2028. Usidhani kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja: ahadi ya pili inahusu antivairasi peke yake, wala haizibi matundu ya mfumo. Kama kompyuta yako inakubali Windows 11, hamia huko. Kama haikubali, na kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka ng'ambo hazikubali kwa sababu prosesa zake ni za zamani, basi fikiria mfumo wa bure wa Linux Mint, hasa ikiwa kazi zako ni kuandika, kusoma barua pepe na kuvinjari. Mwenye Windows 7 aelewe kwamba hata anunue antivairasi ya bei gani, kompyuta ile haifai tena kwa mambo ya benki wala ya malipo.

Baada ya toleo, angalia kumbukumbu na diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya "Performance", usome kiasi cha RAM na aina ya diski. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, ile HDD, huchoka haraka inapopewa antivairasi yenye vikorombwezo vingi kama VPN, kisafisha diski na kitunza nywila. Kwa kompyuta ya namna hiyo, wepesi wa programu ni sifa ya kwanza, kwa sababu antivairasi inayoifanya kompyuta isitumike hatimaye huzimwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Hatua ya pili: Tambua mlango unaotumiwa na virusi

Mlango wa kwanza hapa kwetu ni flashi. Flashi moja hupita kwenye kompyuta ya shule, ikaenda kwa rafiki, ikaingia steshenari ambako kwa siku moja huchomekwa flashi za watu wengi, kisha ikarudi nyumbani. Kirusi kinachojulikana zaidi katika mzunguko huo ni kile cha njia za mkato: unafungua flashi na kukuta mafolda yako yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni, na kila unapobofya kimoja, kirusi huendeshwa kwanza kabla folda haijafunguka.

Mlango wa pili, na kwa maoni yangu ndio mbaya zaidi, ni programu zilizovunjwa leseni. Kifaa cha kuwezesha Windows au Office bila kulipia huja na maelekezo yanayoanza kwa kukutaka uzime antivairasi. Microsoft Defender, yaani ile antivairasi iliyomo ndani ya Windows, ikikikuta hukiita HackTool, na jina la HackTool:Win32/AutoKMS ni la kawaida sana kwenye kompyuta zilizopita mikononi mwa mafundi wengi. Mtu akikubali kuzima ulinzi ili apitishe programu asiyomjua mtengenezaji wake, hakuna antivairasi ya kumsaidia, kwa kuwa amri imetoka kwake. Anayehitaji kuandika nyaraka na kutengeneza majedwali anaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, ni halali, na hufungua mafaili ya Word na Excel.

Mlango wa tatu ni viambatisho na viungo vinavyokuja kwa barua pepe na WhatsApp: ankara usiyoitarajia, tangazo la ajira lenye faili la kufungua, picha ambayo jina lake linaishia na exe, yaani si picha bali ni programu. Ili uweze kuyaona majina kama hayo, fungua dirisha la mafaili, nenda "View", kisha "Show" (kwenye Windows 11), uwashe "File name extensions". Jambo hilo huchukua nusu dakika, na linapaswa kufanywa kwenye kila kompyuta ya nyumbani.

Hatua ya tatu: Ikague antivairasi uliyonayo tayari

Windows 10 na Windows 11 zote zina Microsoft Defender ndani yake. Fungua menyu ya Start, andika "Windows Security", ingia kwenye "Virus & threat protection". Hapo usiridhike na alama ya kijani peke yake, bali kagua mambo manne.

Kwanza, angalia chini ya "Manage settings" kama "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zimewashwa. Hiyo ya mwisho huzuia programu nyingine kuuzima ulinzi kimyakimya. Ukikuta maandishi yanayosema kwamba mpangilio unasimamiwa na msimamizi, ilhali kompyuta ni yako na haipo chini ya ofisi yoyote, jua kwamba kuna mtu au programu iliyoingilia mipangilio, na mara nyingi ni mabaki ya kifaa cha kuvunja leseni.

Pili, shuka chini kabisa hadi "Exclusions". Hii ni orodha ya mahali ambapo antivairasi imeamriwa pasiguswe. Kwenye kompyuta safi ya nyumbani orodha hiyo huwa tupu. Ukikuta humo diski C nzima, au folda usiyoijua, ulinzi wako ni wa jina tu, na hakuna onyo lolote utakalolipata. Futa kilichomo, kisha fanya ukaguzi kamili. Sehemu hii watu wengi hawaijui, nami naisisitiza kwa sababu mtu anaweza kununua leseni ya gharama akidhani Defender imeshindwa kazi, kumbe iliamriwa ifumbe macho.

Tatu, tazama tarehe ya sasisho la mwisho chini ya "Protection updates". Ikiwa ni ya wiki mbili zilizopita, tatizo lako ni la bando, na nitalieleza katika hatua ya sita.

Nne, fungua "App & browser control", uwashe "Potentially unwanted app blocking", inayokamata zile programu zinazojibandika pamoja na programu nyingine unazopakua.

Ukishuku kwamba kompyuta imekwisha kuambukizwa, tumia ukaguzi wa "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)" ulio ndani ya "Scan options". Kompyuta itajizima na kuwaka, kisha itakaguliwa kabla Windows haijaanza, wakati ambapo kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Huchukua takriban dakika 15. Kwa kuwa umeme wetu haukawii kukatika, hakikisha betri ya kompyuta mpakato imejaa kabla ya kuanza.

Hatua ya nne: Amua kama unahitaji nyingine

Zipo maabara huru zinazopima antivairasi, na mbili zinazoaminika sana ni AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao husomwa bure kwenye tovuti zao. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa kila kipengele kati ya vitatu, ambavyo ni ulinzi, wepesi na urahisi wa matumizi, na jumla yake ni 18. Kipengele cha tatu kinahusu zaidi makosa ya antivairasi kuyashuku mafaili safi. Defender imekuwa ikipata alama za juu katika vipimo hivyo kwa miaka kadhaa sasa, na ndiyo sababu ninasema inazitosha nyumba nyingi.

Kuna safu moja, hata hivyo, ambayo mkazi wa Kigoma anapaswa kuitazama kuliko mkazi wa Ulaya. Katika kipimo chake cha kukinga virusi vilivyopo kwenye mafaili, AV-Comparatives hutenganisha uwezo wa antivairasi ikiwa na intaneti na uwezo wake ikiwa haina. Antivairasi za leo hutuma maswali kwenye seva za kampuni kila zikutanapo na faili geni, na zisipoipata seva hubaki na kile zinachokijua zenyewe. Baadhi hupoteza uwezo mwingi katika hali hiyo, na Defender ni mojawapo ya zile ambazo pengo lake limekuwa likionekana wazi. Kwa hiyo kama kompyuta yako hukaa siku nyingi bila intaneti, huku ikipokea flashi za watu mbalimbali, chagua programu yenye alama ya juu katika safu ya bila intaneti, hata kama katika safu nyingine inalingana na Defender. Hii ndiyo nyumba ya kwanza ambayo ninaishauri itafute antivairasi nyingine.

Nyumba ya pili ni ile yenye vifaa vingi na watumiaji wengi, kwa mfano kompyuta mbili na simu kadhaa za Android, ambako leseni moja inayofunika vifaa vitano huweza kuwa rahisi kusimamia. Nyumba ya tatu ni ile ambayo kompyuta yake inafanya kazi ya biashara, inahifadhi taarifa za wateja, na mwenyewe anataka kampuni ya kumuuliza mambo yakiharibika. Nje ya hizo, bakia na Defender.

Hatua ya tano: Pima kampuni, bei na leseni

Antivairasi huona kila faili na kila tovuti unayoifungua, hivyo ni halali kuuliza inamilikiwa na nani. Majina manne yanayoonekana kushindana, yaani Norton, Avast, AVG na Avira, yote yako chini ya kampuni moja ya Gen Digital. Bitdefender ni ya Romania na ESET ni ya Slovakia. Kaspersky ni ya Urusi. Marekani ilipiga marufuku mauzo yake nchini humo mwaka 2024 kwa sababu za usalama wa taifa, nayo kampuni ilikanusha tuhuma hizo. Hapa Tanzania marufuku hiyo haitumiki, ila mnunuzi anastahili kuijua kabla ya kutoa fedha.

Za bure nazo zina gharama yake. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 kwa sababu kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji. Ukifunga antivairasi ya bure, ya kampuni yoyote ile, ingia kwenye mipangilio ya faragha siku hiyohiyo, uzime kila kipengele kinachoomba ruhusa ya kushirikisha taarifa zako na wengine.

Kuhusu bei, soma bei ya mwaka wa pili. Kampuni nyingi huweka punguzo kubwa mwaka wa kwanza, na leseni ikijihuisha yenyewe, kadi yako hukatwa kiasi kikubwa zaidi. Ukilipa kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, zima ujihuishaji huo mara tu baada ya kununua. Siku zako ulizolipia hazitapungua. Ukinunua boksi dukani, kagua kama sehemu yenye namba ya siri haijafunguliwa, kama leseni inakubali kutumika katika eneo letu, na ni vifaa vingapi inavyofunika. Omba risiti, na ikiwezekana namba iingizwe kwenye kompyuta mbele yako kabla hujaondoka. Antivairasi iliyovunjwa leseni usiiguse kabisa, maana ni kumkabidhi mtu usiyemjua ufunguo wa kila kitu kilichomo.

Hatua ya sita: Panga bando

Wengi wetu huunganisha kompyuta na simu kwa hotspoti, na ili kubana matumizi huwasha mpangilio wa "Metered connection". Mpangilio huo huifanya Windows iahirishe masasisho, na mtu anayetumia hotspoti peke yake anaweza kumaliza miezi bila kiraka hata kimoja. Chagua siku moja ya wiki, nunua kifurushi cha kutosha, au tumia cha usiku pale kampuni inapokitoa, kisha uzime mpangilio huo kwa muda, ufungue "Windows Update" na kubofya "Check for updates". Siku nyingine za wiki, ingia kwenye "Protection updates" na kubofya "Check for updates" ya Defender pekee. Masasisho hayo ya katikati ya wiki huwa madogo, ilimradi kompyuta haikukaa muda mrefu bila kusasishwa.

Kompyuta isiyo na intaneti kabisa nayo ina njia yake. Microsoft hutoa taarifa zote za virusi za Defender katika faili moja liitwalo mpam-fe.exe, lenye ukubwa unaozidi MB 100. Lipakue kutoka tovuti ya Microsoft penginepo kwa kompyuta salama, ukichagua la biti 32 au 64 kulingana na mfumo wako, ulibebe kwa flashi na kulifungua nyumbani. Rudia angalau kila wiki, kwa sababu taarifa za virusi huchakaa upesi.

Hatua ya saba: Funga, kisha hakikisha

Kama umeamua kubadilisha, ondoa kwanza antivairasi ya zamani. Antivairasi mbili zikifanya kazi pamoja huwa kama walinzi wawili wa geti moja wanaokamatana wao kwa wao huku mwizi akipita. Defender hujiweka pembeni yenyewe inapoona nyingine imeingia, lakini za kampuni nyingine hazina adabu hiyo. Kompyuta nyingi mpya huja na antivairasi ya majaribio, na muda wake ukiisha hubaki ikidai malipo bila kulinda. Iondoe kupitia "Settings", "Apps", na ikigoma tumia kiondoshi kinachotolewa na kampuni yake. Zima na kuwasha kompyuta, kisha pakua programu mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji tu.

Wakati wa kufunga, soma kila ukurasa na uondoe alama ya vema kwenye vivinjari na vikorombwezo usivyoviomba. Baada ya hapo ijaribu. Taasisi ya EICAR hutoa faili la majaribio lenye herufi 68 ambalo halina madhara yoyote, lakini antivairasi zote zinazoeleweka zimefundishwa kulikamata. Lipakue kutoka eicar.org, likizuiwa, ulinzi unafanya kazi, na likifunguka bila onyo, rudi kwenye mipangilio. Faili hilo halipimi ubora wa antivairasi, hupima tu kama iko macho.

Kuhusu madirisha yanayoruka ndani ya kivinjari yakidai kompyuta ina virusi vitano na unatakiwa kubofya au kupiga simu, hayo hayatoki kwenye antivairasi yako. Mara nyingi ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kukusudia. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na uiondoe tovuti hiyo.

Hatua ya nane: Flashi na nakala

Flashi ikirudi kutoka steshenari, usiifungue kwa kuibofya mara mbili. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama yake, chagua "Scan with Microsoft Defender" au jina la antivairasi yako, na usubiri imalize. Fanya hivyo kwa mkono wako, kwa sababu ukaguzi kamili wa Defender kwa kawaida hauziingii flashi. Kwa kazi za kuchapisha tu, ni salama zaidi kutuma faili la PDF kwa WhatsApp au barua pepe ya steshenari, ili flashi isitoke nyumbani kabisa.

Ikiwa kirusi cha njia za mkato kimekwisha kuingia, usiifute flashi kwa haraka, kwani mara nyingi mafaili yako yamefichwa tu. Kagua flashi kwanza na uondoe kirusi. Kisha fungua "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri, na, kama flashi inasomeka kwa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Mafaili yatajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka zako peke yake, uache kila chenye mshale au jina linaloishia na exe, vbs au lnk, kisha ufomati flashi. Kompyuta iliyoifungua flashi hiyo nayo ikaguliwe, la sivyo itaiambukiza tena siku hiyohiyo.

Diski ya nje niliyoitaja mwanzoni iunganishe mara moja kwa wiki, baada ya ukaguzi. Nakili picha, vyeti vilivyoskaniwa, nyaraka za kazi na hesabu za biashara, kisha ichomoe na kuiweka kabatini. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga pamoja na kompyuta.